Saruji Kwenye Kitalu cha Chini

9 Februari 1993

Kimya, mdogo wangu,

Hujambo huko? Wifi yangu hajambo? Na huyo binti yako, mwambie shangazi yake anauliza kama meno ya mbele yameshaota au bado anaongea kwa mbinja. Mimi mzima, isipokuwa goti la kulia, ambalo limeamua kustaafu mwaka mmoja baada yangu. Daktari kasema nipunguze kuinama. Nikamwuliza, bustani itajipalilia yenyewe? Akacheka, akaniandikia vidonge.

Nyumba iko salama. Paa la jikoni halivuji tena. Mlango wa mbele nimeupaka rangi mwenyewe, buluu, kwa hiyo siku ukija usipite ukidhani umepotea.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Unamkumbuka mtoto wa Mzee wa Saa, yule jirani yetu aliyekuwa anatengeneza saa barazani kwake? Yule mtoto sasa ana kitambi na duka la vifaa vya ujenzi, na mtaa mzima unamwita Bati kwa sababu hakuna paa hapa ambalo hakuliuza yeye. Tangu baba yake afariki ameibomoa nyumba ya zamani na anajenga ghorofa. Sina neno na ghorofa yake. Hata akijenga mnara, fedha ni zake. Neno langu ni kitalu cha chini.

Juzi nimetoka asubuhi na ndoo yangu ya kumwagilia, nikakuta mafundi wamechanganya zege huku huku upande wangu wa michongoma. Maji ya saruji yametiririka mpaka kwenye nyanya, majani yamekuwa meupe kama yamepakwa unga. Kokoto zimemwagwa juu ya mchicha. Mtu kaning'iniza shati lake la jasho kwenye waridi la mama. Nikamwita msimamizi wao, mtu mrefu mwembamba, wenzake wanamwita Kamba kwa sababu kamba ya kupimia haimtoki mkononi. Nikamwambia aondoe uchafu wake bustanini kwangu. Akaniangalia kwa adabu kabisa, akasema, "Mama, mimi nafanya kazi ndani ya mpaka."

Kimya, hebu fikiri. Ndani ya mpaka wa nani? Kitalu kile nimekilima tangu nikiwa na vibanio viwili kichwani, na michongoma ile aliipanda baba kwa mikono yake.

Wewe ni fundi, unajua kuongea na mafundi wenzako. Niambie niseme nini. Pensheni ya shirika la simu unaijua, ni ya kununulia sabuni. Kitalu cha chini ndicho kinachonilisha, na nikuambie ukweli, ndicho kinachonitoa kitandani. Kikifa nitakuwa mwanamke wa kukaa dirishani akihesabu wapita njia.

Jibu kwa sanduku la posta la duka la Bati kama kawaida, maana langu walishalifunga. Na uzibe bahasha zako vizuri, ile ya mwisho ilifika mdomo wazi. Habari ya simu usinitajie. Nimekaa kwenye swichibodi maisha yangu yote ya kazi, najua kwamba kila mazungumzo yana mtu wa tatu anayesikiliza. Alikuwa mimi.

Dada yako


28 Februari 1993

Dada Swichi,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba goti ndilo pekee lililostaafu. Huku tuko salama. Binti yako meno yameota, moja limeota kwa pembeni, mama yake anasema amerithi ukoo wetu. Wifi yako anakusalimu sana. Kazini ni barafu tu, asubuhi barafu, jioni barafu. Mashine moja ya kugandishia imeanza kukohoa na mimi ndiye mganga wake.

Pole kwa habari ya bustani. Nakuomba usigombane na Bati. Ongea naye polepole. Nyanya unaweza kuzihamishia mbele ya nyumba, pale karibu na ngazi, kuna jua la kutosha. Zege ni kazi ya miezi michache, itakwisha na wataondoka.

Nikuulize kitu. Bado unapeleka kile kikapu? Namaanisha kikapu cha mavuno ya kwanza, ambacho baba alikuwa anakutuma umpelekee Mzee wa Saa kila msimu. Ingekuwa vizuri ukampelekea Bati, hata kama ni nyanya chache.

Ofisi ya ardhi usiende. Kuna mambo tutaongea nikija, likizo yangu ni Aprili.

Na uliposema bahasha ilifika mdomo wazi, ulikuwa na maana ilifunguliwa na mtu?

Mdogo wako


16 Machi 1993

Kimya,

Salamu kwa wote. Huyo mtoto mwenye jino la pembeni nimemshonea gauni, nitalituma akipatikana mtu wa kuja huko. Mimi mzima. Jirani wa mbele, yule mfamasia, ameoa tena, na safari hii mke ni mpole, kwa hiyo tumepungukiwa na burudani.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. Nimezoea kusikiliza watu. Mtu akiulizwa jambo akajibu jambo jingine, zamani nilikuwa najua hata kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Nilikuuliza niseme nini kwa mafundi. Umeniambia nihamishe nyanya. Nilikuuliza mpaka ni wa nani. Umeniambia nipeleke kikapu.

Kikapu, Kimya. Mtu ananimwagia saruji, nami nichume nyanya zilizobaki hai nimpelekee huku nimepiga magoti kwa goti bovu? Kile kikapu kilikuwa cha Mzee wa Saa, mtu mwungwana ambaye alinitengenezea saa yangu ya kwanza. Alipokufa nikaacha. Mwanawe hajanitengenezea chochote.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo roho yangu iliposhtuka. Nilikwenda dukani kuchukua barua. Siku ya pili Bati akanipungia mkono kutoka kwenye jukwaa la mafundi wake, akauliza, "Kimya anakuja Aprili, ee?" Kajuaje? Mimi sikumwambia mtu. Hata mfamasia sijamwambia. Aprili imeandikwa kwenye barua yako na kichwani mwako, basi.

Wiki hiyo hiyo akaleta lori la udongo mweusi, udongo mzuri kusema kweli, wa kubomoka mkononi. Akasema ni wa kufidia. Nikamwambia aupeleke anakojua yeye. Mtu hakupi udongo bure, anataka uupokee ili kesho aseme ulikubali. Lori likageuka. Nimekuwa nikiing'oa saruji iliyoganda kwa patasi ya baba, kipande kwa kipande, na mahali pengine udongo wa chini umekuwa mgumu kiasi kwamba jembe linarudi.

Unamwandikia Bati? Nakuuliza kwa upole.

Dada yako


24 Aprili 1993

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Ile mashine iliyokuwa inakohoa imezimika kabisa, samaki wa watu wakaanza kunuka, na meneja akafuta likizo za mafundi wote, yaani mimi. Wifi yako alikuwa na homa lakini sasa anapika na kugomba kama kawaida. Binti ameanza shule na analia kila asubuhi mpaka getini, akishaingia analia hataki kutolewa.

Sijamwandikia Bati hata mstari mmoja. Sina anwani yake zaidi ya hiyo unayonipa wewe. Hapo hapo jiulize, barua zangu zinapita mkononi mwa nani kabla hazijafika kwako? Zinafika mdomo wazi, na yaliyomo anayajua. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mtu wa tatu hakosi.

Ndiyo maana siwezi kuandika ninachotaka kuandika. Tafuta sanduku jingine. Mwombe mfamasia. Au nenda posta unipigie kiwandani mchana, nitakaa karibu na simu.

Nakuomba tena, ofisini usiende. Sikuombi kwa ajili ya Bati.

Mdogo wako


10 Mei 1993

Kimya,

Hamjambo. Mimi ni mzima. Gauni bado lipo sandukuni.

Sanduku la mfamasia lina dawa za watu na barua za mke wa kwanza, hataki la tatu. Na simu ulishanisikia. Yule msichana aliyekaa kwenye kiti changu posta nimemfundisha mimi, kwa hiyo najua anachofanya vidole vyake vikiwa vimetulia. Halafu kama ungekuwa na neno safi, ungeliandika hata ubaoni. Neno linalohitaji sanduku lake peke yake si safi.

Nikueleze hali. Ghorofa imeezekwa. Bati kaweka bomba la kushushia maji ya mvua kwenye kona, na mdomo wa bomba unaangalia kitalu changu. Mvua ya Jumanne imechimba mtaro katikati ya bamia. Waridi la mama mizizi iko nje. Nilisimama pale na mwavuli, nikatazama udongo wa miaka yangu yote unateremka kwenda barabarani, nikalia. Sioni haya kukuambia. Nililia mpaka Kamba akaacha kazi, akaja kusukuma bomba kwa ubao, akaweka mawe ya kuzuia maji. Alikuwa analowa. Nikamwuliza, bosi wako anataka nini kwangu? Akasema, "Mama, muulize mwenyewe. Mimi nimepewa mpaka, nafuata mpaka."

Sikumwuliza Bati. Siwezi kumwuliza mwizi kama ameiba.

Nakuuliza wewe. Baba alipokuwa anaumwa ulikaa naye chumbani mlango umefungwa, mimi nikiwa kazini. Mlizungumza nini? Tangu siku hizo hujawahi kukaa kitalu cha chini hata kwa kunywa chai. Sasa jirani anatamba ndani ya uzio, wewe unanisihi ninyamaze, unasema niwape kikapu, na hutaki ofisi ihusike. Nimeunganisha nyaya mwenyewe. Kimya, umeuza kitalu cha chini?

Nijibu kabla ya mwezi huu kwisha. Usiponijibu kwa maneno yanayoeleweka, nakwenda kuweka malalamiko ofisi ya ardhi, mpima aje na vyombo vyake, na nyote wawili mtaona haya mbele ya watu.

Dada yako, ambaye hajalala vizuri


27 Mei 1993

Dada,

Sijauza. Naapa kwa kaburi la baba na la mama. Sijauza na sijapokea chochote kwa mtu.

Siwezi kuandika zaidi ya hapo kwa njia hii. Meneja ameahidi likizo Julai. Nakuomba uningoje. Ukienda ofisini hutaumia wewe kwa sababu ya uongo wa Bati, utaumia kwa sababu nyingine. Niamini, mara hii moja.

Wifi yako anasema tumekuudhi na nije hata kwa miguu. Ningekuja, ila nikitoka hapa nikirudi sina kazi.

Kimya


4 Juni 1993

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata. "Sababu nyingine" ndiyo iliyonivalisha viatu.

Nimekwenda. Ofisi ya ardhi iko ghorofa ya pili, ngazi bila kishikio, na karani ana fulana ya ndani inayoonekana na adabu isiyoonekana. Nimeandika kwamba jirani ameingilia kiwanja chetu kwa ujenzi, ameharibu mazao na udongo, naomba mpaka upimwe. Nimetia saini. Wamesema mpima atakuja baada ya wiki mbili tatu.

Salamu kwa wifi yangu. Mwambie hajaniudhi yeye.

Dada yako


TELEGRAMU, 11 JUNI 1993

FUTA MALALAMIKO. MPIMA ASIJE. NITAELEZA YOTE. KIMYA.


1 Julai 1993

Kimya,

Sina nguvu ya salamu ndefu. Msalimie mtoto.

Telegramu yako ilifika kabla ya mpima. Nataka ulijue hilo. Kulikuwa na nafasi ya kumsimamisha, na karani alisema nikitaka nifute. Lakini niliposoma "mpima asije" nikasema, hapa ndipo. Nikampelekea karani habari kwamba mpima asichelewe.

Alikuja asubuhi na wasaidizi wake na kile chombo cha miguu mitatu. Bati alikuwepo, nadhifu, amevaa kofia. Kamba alikuwepo. Mfamasia na mkewe mpole walikuwa ukutani wakijifanya wanaangalia mawingu. Nikavaa gauni langu la kazini la zamani, lile la kijivu, nikasimama kando ya michongoma nimeweka mikono kiunoni kama mwenye mji.

Mpima hakuja kwenye michongoma. Alipita kwenye kitalu bila kusimama, akapanda mpaka pale ninapofulia nguo, akamwambia msaidizi achimbe. Nikamwambia amepotea. Akaniambia nisubiri kidogo. Wakachimba pembeni ya ile sakafu ya kufulia, na chini ya mchanga wakagonga chuma. Chuma cha mpaka, Kimya, kina namba. Cha pili wakakikuta chini ya ngazi za jikoni. Wakavuta kamba kutoka cha kwanza mpaka cha pili, na kitalu cha chini chote kikabaki ng'ambo. Nyanya, bamia, pilipili, waridi la mama. Chote ni cha kwao.

Nilidhani amehongwa. Nilisema hivyo, kwa sauti, mbele ya watu wote. Mpima hakukasirika, nadhani amezoea. Akanionyesha vyuma tena, akaniambia vina umri mkubwa kuliko ghorofa, kuliko Bati, kuliko mimi.

Ndipo Bati akaja, akavua kofia. Akasema, "Dada, mimi nilikuwa najua. Mzee aliniambia, nikiwa mdogo, kwamba alimpa baba yenu alime. Ramani ya ghorofa niliisogeza nyuma ili nisikiguse kitalu chako."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alidhani naelewa. Alidhani kila mtu anaelewa, kwa sababu kikapu kilikuwa kinakuja. Nilipokiacha, alidhani nimekasirikia ghorofa, akaona anyamaze, hakutaka kunidai kikapu kama mtu anayedai kodi.

Mpima ameandika kila kitu. Ofisi imetoa amri, kwa kuwa kuna malalamiko yamesajiliwa na kuna jengo jipya, ukuta ujengwe juu ya mpaka halisi ili kusiwe na ubishi tena. Bati alikwenda kuomba wasamehe. Wamesema hawawezi kufuta kilichoombwa na mwenye kiwanja mwenyewe.

Yaani mimi.

Dada yako


18 Julai 1993

Dada yangu mkubwa,

Sijui nianze wapi na sijui kama utaisoma hii mpaka mwisho. Wifi yako amesema nisiandike salamu, niandike ukweli.

Sehemu ile ilikuwa bonde la takataka la Mzee wa Saa, maji yalituama na mbu walizaliana. Baba akajaza udongo na majani makavu mwaka baada ya mwaka, na Mzee akamwambia, lima, mimi nina saa zangu. Hawakuandika popote. Walikubaliana kwamba mavuno ya kwanza yavuke uzio, ili isije ikasahaulika ardhi ni ya nani. Michongoma baba aliipanda kuzuia mbuzi, haikuwa mpaka.

Hayo ndiyo tuliyozungumza chumbani. Baba aliniambia nisikwambie. Alisema wewe ukijua hutalala usingizi, utakwenda kuuliza kila mtu, na watu wakishaulizwa ndipo wanapoanza kutaka. Nilikubali kwa sababu alikuwa anakufa, na nilikubali pia kwa sababu ilikuwa rahisi.

Ulipoandika kwamba wamemwaga zege, nilijua Kamba ana ramani. Lakini nilidhani Bati mwenyewe hajui, kwamba anaona michongoma kama unavyoiona wewe. Nikasema nikiandika wazi, na barua zinafunguliwa dukani kwake, nitakuwa nimempa kitalu kwa mkono wangu. Nikaandika kikapu, nikitumaini utakipeleka na mambo yatajitengeneza. Kila ulivyozidi kunishuku, ndivyo nilivyozidi kuogopa kuandika. Sikuuza. Nilikuwa nakilinda.

Mashine za barafu na ziharibike zote, nitakuja tulime pamoja huko mbele ya nyumba. Nisamehe, Dada.

Kimya


6 Agosti 1993

Mdogo wangu,

Nakusalimu, namsalimu wifi yangu mwenye akili, namsalimu mwanafunzi wa kulia. Gauni nimelituma kwa dereva wa lori la saruji wa Bati, anapita huko mwisho wa mwezi. Nimeongeza upindo, maana watoto hurefuka tukiwa tunagombana.

Barua yako niliipokea dukani na ilikuwa mdomo wazi. Nikaiweka kwenye meza ya Bati, nikamwambia, leo niambie. Akaichukua, akaigeuza, akanipa niishike. Gundi imelowa, Kimya. Imelowa kwa sababu unaandikia kwenye nyumba ya barafu na bahasha unaziweka huko huko. Hakuna aliyefungua kitu. Nikamwuliza, basi Aprili uliijuaje? Akaona haya yeye badala yangu. Akasema, "Dada, wewe unasoma kwa sauti." Mwanamke mzima, nasimama mbele ya kaunta, nasoma barua ya ndugu yangu kama ninayepokea ujumbe wa kupeleka laini nyingine, narudia kila neno ili mtu wa upande wa pili ahakikishe. Wateja wa misumari wote wanajua habari za mashine yako. Wananiuliza kama imepona.

Nimekusamehe kwa kikapu. Mtu mwenye akili angekielewa, na mimi nina akili, ila nilikuwa na hasira na hasira haisikii.

Kwa baba nimekasirika, na hilo ni kati yangu na yeye. Eti nisingelala usingizi. Sasa nalala?

Lakini neno moja nitakwambia bila kulipaka mafuta, kwa sababu nikilimeza litanikaa kooni. Ulimficha Bati jambo ambalo Bati alilijua tangu akiwa anavuta kamasi. Mzee wa Saa alilijua. Baba alilijua. Wewe ulilijua. Kamba, mtu wa kuja juzi, alilijua kwa kuangalia karatasi. Mlinzi wangu mkubwa ulilinda mlango ambao watu wote walikuwa wameshaingia, na aliyebaki nje alikuwa mimi. Kama ungeniambia, ningejaza kikapu mpaka kipasuke, ningempelekea Bati mwenyewe, tungecheka, na kitalu kingekuwa changu mpaka nife. Mimi nilikuwa mtu pekee wa kuambiwa.

Na mimi nina langu. Nilikuuliza kama unamwandikia Bati, nikakuuliza kama umeuza, nikakuuliza mlifunga mlango kwa nini. Sikukuuliza hata mara moja unaogopa nini. Kazini hicho ndicho nilichokuwa nasikia kwanza kwenye sauti ya mtu, kabla ya maneno. Kwenye karatasi yako sikukisikia, au sikutaka.

Ukuta umeanza. Bati alikuja kuniambia mwenyewe, akasimama mlangoni akashindwa kuingia. Nikampa kiti. Amesema udongo wote wa juu ni wangu, nichukue mpaka nitakapochoka, na amenipa toroli mbili na watu wa kusukuma. Tunahamishia karibu na ngazi za mbele, pale uliposema mwanzo, pana jua kweli. Waridi la mama tumeling'oa na bonge lake. Sijui kama litashika, mizizi yake ilishateseka. Bamia hazihamishiki, wala pilipili, zimeshaanza kuzaa.

Nilimfuata Kamba nikamwomba kitu. Sikuagiza, niliomba. Nilimwambia ukuta wake una ncha mbili, aanzie ya mbali. Alikuna kichwa, akaangalia kamba yake, akasema mchanga umemwagwa huku karibu, itamaanisha watu wake wabebe mchanga kwenda kule kila siku. Halafu akasema sawa. Wameanzia barabarani na wanakuja huku taratibu, na jioni wakiondoka mimi nakwenda kuangalia wamefika wapi.

Pilipili zina maua na vijitunda vidogo vya kijani. Nikipiga hesabu ya kazi yao na ya pilipili, zitaiva kabla hawajazifikia, ikiwa mvua haitanyesha na ikiwa Kamba ataendelea kuwa mtu mwema.

Likizo yako omba sasa hivi, usingoje mashine ipone. Sitaki maelezo mengine, umeshayaandika. Nataka uchume pamoja nami wakati bado naweza kuingia kwa miguu. Njoo kabla ukuta haujafika.

Dada yako